Ruwaza katika kuchora nyumba: zinakuza ubunifu au zinaua? (Uzi wa wachoraji ramani na mafundi)

Mstari Mnyoofu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu neno "ruwaza" limeanza kutumika ovyo kwenye kazi yetu. Mtu ana ramani moja ya vyumba vitatu, ameiuza Kibaha, Moshi na Mtwara bila kuhamisha hata dirisha moja, halafu anasema anafanya kazi kwa ruwaza. Hicho alichonacho ni kiolezo. Kiolezo unakinakili kilivyo. Ruwaza inakueleza tatizo linalojirudia mahali pa aina fulani, mambo yanayovutana ndani ya tatizo hilo, na kiini cha ufumbuzi ambao watu wameuona ukifanya kazi mara nyingi. Umbo lenyewe unabaki kulitafuta wewe, kwenye kiwanja kile, kwa familia ile.

Kwa wageni wa mada: mwaka 1977 msanifu majengo Christopher Alexander na wenzake wa Berkeley, California, walichapisha kitabu cha ruwaza 253. Zinaanzia kwenye eneo zima la nchi, zinashuka kwenye mji, mtaa, nyumba, chumba, mpaka kiti na rangi ya ukuta. Kila moja inataja ruwaza kubwa zinazoibeba na ndogo zinazoikamilisha. Waliweka pia nyota: mbili pale walipokuwa na hakika, moja pale walipokuwa njiani, na pasipo nyota wakakiri kwamba ufumbuzi wao ni mmoja tu kati ya mingi. Hizo nyota watu wengi wanaziruka, nami naona ndizo zinazotofautisha ruwaza na sheria.

Mfano rahisi ni ile ya roshani. Inasema roshani au kibaraza chenye kina cha chini ya futi 6, yaani mita 1.8, hakitumiki. Sababu iko kwenye tepu: kiti kinakula sentimita 60, magoti na miguu 40, meza ndogo 50. Jumla mita 1.5, na mtu wa kupita anahitaji kipande kilichobaki. Ukijenga mita 1, watu watakaa mstari mmoja, migongo ukutani, magoti yakigonga ukingo, wote wakitazama nje kama abiria. Hakuna maongezi hapo. Baada ya miezi mitatu utakuta ndoo na viatu.

Swali langu kwenu: ruwaza mnaziingiza hatua gani ya kuchora? Na zikigongana mnafanyaje?

---

Boriti na Chokaa

Mkuu, umeanza Berkeley, mimi naanzia Lamu, maana ruwaza zilikuwepo kabla hazijaandikwa.

Nyumba ya mawe ya Lamu inakupokea kwa hatua. Kwanza daka, yaani kibaraza cha mlangoni kilichoingia ndani ya ukuta, chenye viti vya mawe kushoto na kulia. Halafu tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, ambayo imegeuzwa makusudi ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione ndani. Kisha kiwanda, ambacho ni ua wa wazi, kisha misana, yaani vyumba virefu vinavyofunguka uani, na mwisho ndani kwenyewe. Kila hatua ina watu wake. Mwenye shida ya dakika mbili anamalizia dakani, wala hakuna aliyevunjiwa heshima. Mambo yanayovutana ni ukarimu na sitara, na ufumbuzi umevipa vyote viwili nafasi bila kuongeza mlango hata mmoja.

Sasa angalieni kinachoharibika leo. Mtu anapenda baraza, anamwambia fundi "niwekee baraza". Fundi anaijenga sentimita 60 kwenda juu, miguu ya mkaaji inaning'inia. Kimo kizuri ni 40 hadi 45, na upana wa kukalia 45 hadi 60. Anaibandika marumaru inayong'aa, mvua ikinyesha inateleza. Hakuipa mwinamo, maji yanatuama. Inatakiwa ishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 50 kuelekea nje. Na kosa kubwa kuliko yote: ukingo wa bati unaishia juu kabisa ya mahali pa kukaa, kwa hiyo maji ya paa yanamwagikia mgongoni. Upenu upite ukingo wa baraza kwa sentimita 30 au zaidi. Baraza ya namna hiyo ina umbo la baraza, ila kazi yake haipo.

---

Mvua za Vuli

Nawaheshimu wakuu, lakini sijakubali. Ukimpa kijana aliyetoka chuoni orodha ya ruwaza 253, ataacha kufikiri. Atachagua kumi, atazibandika pamoja kama viraka vya vitenge, basi. Na hizo za Lamu sasa zimekuwa pambo: hoteli inaweka daka na zidaka (vishubaka) ukutani wakati nyuma yake ni vyumba vya viyoyozi visivyo na dirisha la kufunguka. Ubunifu uko wapi?

---

Mstari Mnyoofu

Hoja ya viraka ni ya kweli na ndiyo hatari ya kwanza. Ila tazama shairi la tarbia: mishororo minne, mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Mshairi dhaifu anajaza mizani kwa maneno ya kupoteza. Mshairi hodari, kwa kuwa kina kinamkatalia neno la kwanza lililomjia, analazimika kutafuta la pili na la tatu, na hapo ndipo anapopata usemi ambao asingeufikia angekuwa huru. Kanga nayo ni hivyo hivyo: pindo, mji na jina vinakaa palepale kila mara, na bado michoro haijaisha.

Kuhusu zidaka za hotelini, hapo pana jambo la kuchimba. Boriti na Chokaa, hebu tueleze zile zidaka zilitokana na nini.

---

Boriti na Chokaa

Zilitokana na unene wa ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una nusu mita au zaidi, kwa hiyo kuchonga kidaka hakuudhuru. Leo tunajenga kwa tofali la inchi 6, yaani sentimita 15. Ukichonga kidaka cha sentimita 10 umebakiza ganda la 5, litapasuka, na upande wa nje mvua itapenya.

Mwenye kufuata ruwaza anauliza: ni shida gani ile ilikuwa inatatuliwa? Ni mahali pa kuweka vitu vya thamani vionekane bila kula sakafu. Basi unaupata unene kwa njia nyingine. Kati ya vyumba viwili vya kulala weka safu ya kabati yenye kina cha sentimita 60, nusu ikifunguka upande huu, nusu upande ule. Umepata kidaka kikubwa, na sauti kati ya vyumba imepungua.

Mfano wa pili ni muhimu zaidi. Vyumba vya zamani ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari haziendi mbali zaidi ya hapo. Sababu hiyo imekufa: leo zege na nondo vinavuka mita 4 au 5 bila taabu. Anayechora chumba cha mita 2.6 "kwa heshima ya asili" ananakili kifungo ambacho waliofungwa nacho hawakukichagua. Lakini angalia, wembamba ule ulileta faida ya pembeni: mwanga na hewa ya kiwandani vilifika hadi ukuta wa mwisho. Sababu imekufa, faida ingali hai. Ukipanua chumba, inakubidi uirudishe faida hiyo kwa njia nyingine, na mara nyingi hapo ndipo wazo jipya linapozaliwa.

---

Pembe Mraba

Nijibu swali la mwanzisha uzi kuhusu hatua, kwa kiwanja kamili ili tusielee. Tuseme Dar es Salaam, mita 15 kwa 20, barabara iko magharibi kwenye ule upande wa mita 15. Familia inataka vyumba vitatu, sebule na jiko.

Usiguse ruwaza kabla hujakaa kiwanjani asubuhi na jioni. Ukirudi, andika kadi, moja kwa kila ruwaza, zisizidi 12. Kadi isiwe na jina tu. Iwe na sentensi: "Ikiwa familia inapenda kukaa mbele jioni, huku jua la magharibi likichoma na wapita njia wakiwa karibu, basi..." Mtu asiyeweza kukamilisha sentensi hiyo hajaielewa ruwaza, aiweke pembeni. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo: nafasi ya jengo kiwanjani kwanza, kisha mpangilio wa sitara, kisha vyumba, kisha madirisha, mwisho viti. Chora kwa kipimo cha 1 kwa 100, karatasi ya kupenyeza mwanga juu ya karatasi, kadi moja kwa wakati mmoja. Anayeanza na madirisha mazuri aliyoyaona mtandaoni atalazimika kubomoa mchoro mara tatu.

Kwenye kiwanja hiki ruwaza mbili zinagongana mapema. Ya kwanza: kila chumba kipate mwanga kutoka pande mbili, kwa sababu dirisha moja linafanya uso wa mtu aliyekaa mbele yake uwe giza, na hewa haina pa kutokea. Ya pili ni ya mkoba: jengo la mstatili ni nafuu. Sasa hesabu pembe, maana chumba cha pembeni ndicho chenye kuta mbili za nje. Mstatili una pembe nne, vyumba vyenye uhitaji ni vitano. Kimoja kitakosa, na kwa kawaida ni sebule iliyozibwa katikati huku taa ikiwaka mchana.

Ukiuvunja mstatili ukawa umbo la L, pembe za nje zinakuwa tano. Zinatosha. Na pale lilipokunjwa pamezaliwa ua ambao haukuwa kwenye kadi yoyote. Hicho ndicho ninachokiita ubunifu: haukutoka ndani ya ruwaza moja, umetoka kwenye mgongano wa mbili.

Bei yake iwekwe wazi kwa mteja. Mstatili wa mita 8 kwa 12.5 una mita za mraba 100 na ukuta wa nje wa mita 41. L ya mita za mraba zilezile ndani ya mraba wa mita 12 ina ukuta wa mita 48. Mita 7 za ziada kwa kimo cha mita 3 ni kama tofali 200, pamoja na bonde moja la paa ambalo fundi wa kenchi asipoliwekea bati pana la mfereji litavuja masika ya kwanza.

---

Kusi

Pembe Mraba, na jua? Baraza iko magharibi, wakati wenyewe wa kukaa ni jioni.

---

Pembe Mraba

Ndiyo fundo gumu la kiwanja hiki.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60. Desemba liko kusini kwa nyuzi 73. Kama kizingiti cha chini cha dirisha kiko mita 1.8 chini ya ukingo wa paa, upenu wa kaskazini unahitaji mita 1.05 na wa kusini sentimita 55 tu, dirisha lote libaki kivulini adhuhuri. Watu wanaweka sentimita 60 pande zote nne, kisha wanashangaa kwa nini vyumba vya kaskazini vina joto mwezi wa saba.

Magharibi hesabu hiyo haisaidii. Saa kumi na nusu jioni jua liko nyuzi 30 hivi. Upenu ule ule wa mita 1.05 utafunika sentimita 60 za juu za ukuta, basi. Hata daka lenye kina cha mita 1.8 na kimo cha mita 2.4 jua linaingia mpaka ukuta wa nyuma, maana kwa nyuzi 30 linaweza kupenya zaidi ya mita 4.

Kwa hiyo daka ligeuzwe. Liweke kwenye pembe ya kusini magharibi, mdomo wake utazame kusini, na upande wa barabara uwe ukuta wa matofali ya matundu. Mkaaji anaona barabara kupitia matundu, anasalimiana na watu, jua limevunjwa vipande, na upepo wa kusi unaingia mdomoni moja kwa moja. Anayeingia anageuka kona kabla ya kuufikia mlango, kwa hiyo kazi ya tekani nayo imefanyika bila kujenga chumba chake. Tahadhari ni moja: mvua za masika huja na upepo wa upande huohuo, kwa hiyo upenu wa kusini hapo ongeza ufike sentimita 90 na sakafu iinamie nje.

Mvua za Vuli, daka la namna hii halipo Lamu wala Berkeley.

---

Mvua za Vuli

Hapo nimekuelewa, mkuu. Pingamizi langu basi linabaki kwa wale wanaoanza na umbo.

---

Nukta Pacha

Mimi ni wa upande wa programu za kompyuta, nachangia kidogo. Kwetu ruwaza 23 zilichapishwa mwaka 1994: tano za kuunda vitu, saba za muundo, kumi na moja za mwenendo. Ugonjwa wetu mkubwa ni kuziweka kabla tatizo halijatokea. Programu ya kurasa mbili inapewa tabaka sita "ili baadaye ibadilike kirahisi", na hayo mabadiliko hayaji. Dawa tunayotumia ni kusubiri: andika kwa njia nyepesi, mabadiliko ya aina moja yakijirudia mara ya tatu mahali pamoja, hapo ndipo ingiza ruwaza inayohusika.

Mwaka 1996 Alexander alialikwa San Jose, California, kuzungumza na watu wa programu. Kati ya aliyowauliza ni kama ruwaza zimezifanya programu zenyewe kuwa bora. Swali hilo linafaa na huku: nyumba imekuwa bora, au mchoro umekuwa na majina mazuri tu?

---

Kusi

Kuna ruwaza ambazo hazijaandikwa na zinatuumiza. Kubwa ni jiko la nje. Kila ramani inaonyesha jiko la ndani lenye sinki na kabati, lakini maharage, wali wa wageni na kuchoma samaki vinafanyika nje kwa mkaa, kwenye korido ya nyuma yenye mita moja, moshi ukirudi dirishani. Tunaandikaje ruwaza yake?

---

Boriti na Chokaa

Swali zuri sana. Nianze rasimu, wengine warekebishe.

Mazingira: nyumba ya familia mijini au nusu mji, ambako gesi na mkaa vinatumika pamoja. Yanayovutana: moshi unataka uwazi, mvua inataka paa, mpishi anataka kuona watoto na geti, lakini hataki aonekane na mgeni wa sebuleni, vyombo na maji viko ndani, moto uko nje. Ufumbuzi: nafasi yenye paa inayogusa mlango wa jiko la ndani, isiyopungua mita 2 kwa 2.4, iliyo wazi pande mbili angalau, na ukuta wa kimo cha mita 1 upande unaotoka upepo ili jiko la mkaa lisipepewe kupita kiasi. Paa liwe mita 2.4 kwenda juu au zaidi, lisigusane na dari ya nyumba. Meza ya zege yenye kimo cha sentimita 40 kwa mwenye kupika amekaa, na ya 85 kwa mwenye kusimama. Weka zote mbili, kwa sababu bibi na mjukuu hawapiki kwa mkao mmoja. Gunia la mkaa likae juu ya kijukwaa cha sentimita 15.

Kosa la kuua: kulifunga baadaye kwa madirisha ya vioo "liwe la kisasa". Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Pande mbili zibaki wazi, na hilo liandikwe kwenye mchoro.

Nyota ngapi? Naipa moja. Kabla ya ya pili ingefaa iangaliwe kwenye nyumba tano au sita za familia tofauti, pwani na bara. Mbeya au Njombe kwenye baridi, uwazi wa pande mbili unaweza kuwa tatizo.

---

Mstari Mnyoofu

Ningeongeza mwinamo wa sakafu na tundu la maji lenye kichujio cha kutoa kwa mkono, maana magamba ya samaki na maganda yanaziba bomba ndani ya wiki. Na isikae chini ya dirisha la chumba cha kulala.

---

Kiwanja Chembamba

Wakuu, nimefuata yote. Kiwanja ni mita 10 kwa 22, majirani wamejenga karibu na mpaka pande zote mbili ndefu. L haiingii. Nafanyaje mwanga wa pande mbili?

---

Pembe Mraba

Hapo rudi kwenye kiwanda, ua wa ndani. Kwanza ulizia halmashauri wanataka uache nafasi gani toka mpakani, ndipo ujue upana uliobaki. Kisha likate jengo vipande viwili, mbele na nyuma, viunganishwe na korido upande mmoja, ua ukae katikati. Chini ya mita 3 kwa 3 usishuke, ua utakuwa shimo la giza. Kila chumba kinachougusa ua kinapata upande wake wa pili wa mwanga hapo, na kwa kuwa majirani wamekuziba, madirisha ya uani yawe makubwa, ya mpakani yawe madogo na ya juu.

Kinachowashinda wengi ni maji. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja inamwaga lita 450 kwenye ua wa mita 9 za mraba, hizo unazimudu. Lakini ukiinamishia ndani paa la mita za mraba 60, umeongeza lita 3,000 kwenye shimo hilohilo. Paa liinamie nje kila inapowezekana. Ikishindikana weka mifereji inayotoa maji mpaka nje kabla hayajafika chini. Sakafu ya ua ishuke sentimita 15 chini ya sakafu ya vyumba, na weka bomba mbili za inchi 4 zinazotoka kwa njia tofauti, ili moja ikizibwa na majani nyingine ifanye kazi.

---

Boriti na Chokaa

Na choo usikitundike uani kwa sababu tu ndiko bomba lilipo. Pwani yetu kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo kwa familia ya Kiislamu sinki la choo litazame mashariki au magharibi, mtumiaji asielekee kibla wala kukipa mgongo. Kwenye kiwanja chako chembamba hilo litaamua ukuta upi ubebe mabomba, basi liandike kwenye kadi za mwanzo, usingoje fundi bomba akuulize msingi ukiwa umeshamwagwa.

---

Kiwanja Chembamba

Sawa wakuu. Naanza na kadi tano: ua, choo na kibla, jiko la nje, daka, kabati za kati. Nikimaliza karatasi ya tatu naweka mchoro hapa na vipimo vyake.